Ugonjwa wa Umeme Unaokuja na Kwenda: Nasaha kwa Wanachama Wenye Pikipiki



Katika maombi ya mikopo yaliyoletwa mbele ya Kamati msimu huu, si machache yanayohusu pikipiki. Mmoja ataka betri mpya, wa pili ataka swichi ya ufunguo, wa tatu ataka waya zote zitolewe na zitiwe nyengine. Takriban wote waeleza jambo moja: pikipiki huzimika yenyewe, kisha huwaka yenyewe, na ikifikishwa kwa fundi haina neno. Kamati imetutaka tuandike juu ya jambo hili, kwa kuwa fedha ya mkopo hulipwa kwa karafuu, na si vyema jasho la mkulima liishie katika vipuri ambavyo havikuwa na ubaya wowote.

Tena hasara yenyewe si ya fedha tu. Twajua sote kuwa karafuu mbichi zikilala guniani usiku kucha bila ya kuanikwa hupata moto, zikageuka mpeta, na bei yake ikaanguka. Basi pikipiki iliyosimama njiani jioni na gunia juu yake imekwisha kula sehemu ya mavuno. Na lililo kubwa zaidi ni roho ya mtu. Taa ikizimika ghafla usiku penye kona, na lori laja mbele, hapana mkopo utakaomrejesha aliyeanguka.

BARUA KUTOKA NYAMUSWA

Lililotutia hima ni barua ya mwanachama mwenzetu mmoja ambaye ameoa Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu, Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Kila yaishapo mavuno yeye hupakia pikipiki yake chomboni akavuka mpaka Dar es Salaam, kisha hushika njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza mpaka Bunda. Hapo huiacha njia kuu iendayo Musoma, akaelekea mashariki kwa wakwe zake. Safari hiyo, tangu Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,200.

Mwaka huu, asema, alifika salama. Lakini alipoanza kuwazungukia jamaa wa mkewe katika njia za vumbi na mawe, ugonjwa ukamshika. Taa, honi na injini hufa kwa pamoja, kisha baada ya hatua ishirini vyote hurejea kana kwamba hapakuwa na kitu. Amekwisha nunua betri mpya, plagi mpya na swichi ya ufunguo mpya, na ugonjwa u pale pale. Sasa ataka kuiuza pikipiki kwa bei ya kutupa, na aomba Chama kimkopeshe fedha za kununua nyengine, kwa rehani ya karafuu zake za msimu ujao, ambazo bado hata hazijatoa matumba.

Kamati haikumkatalia wala haikumkubalia. Ilitutaka kwanza tumwandikie namna ya kuutafuta ugonjwa ule. Yale tuliyomwandikia ndiyo tunayoyaleta hapa, ili kila mwenye pikipiki ayapate.

NENO LA KUSHIKA

Kipuri kilichokufa hakifufuki. Balbu iliyoungua haiwaki tena, na fyuzi iliyokatika haijiungi. Basi kitu kinachozimika kisha kikawaka chenyewe, aghalabu kipuri chake ni kizima, na kilichoharibika ni njia ya kukifikia. Mahali fulani pana kiungo kinachoachana na kushikana, mfano wa mlango usiokuwa na komeo, upepo ukivuma hufunguka, ukitulia hufungika.

Umeme hutoka katika kichwa cha chanya cha betri, hupita fyuzi kubwa, huingia swichi ya ufunguo, na kutoka hapo hugawanyika kwenda kwenye taa, honi, indiketa na mtambo wa cheche. Lakini safari haikwisha hapo. Ukishafanya kazi yake hauna budi kurejea katika kichwa cha hasi cha betri, na marejeo yake ni kwa chuma cha pikipiki yenyewe na waya mmoja mnene uliofungwa kwa boliti penye fremu au penye injini. Watu wengi huitazama njia ya kwenda na kuisahau njia ya kurudi, hali ya kuwa zote mbili ni sawa. Moja ikikatika, kazi imesimama.

Kinachozikata njia hizi chajulikana. Huku visiwani ni hewa ya chumvi na mvua, ambazo huila shaba ikafanya kutu ya kijani. Kule Mara ni vumbi, jua na mtikisiko. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huo ni mtikiso wa mara 100 kwa kila sekunde, mbali na mashimo ya njia. Pikipiki ya ndugu yetu ilipata yote mawili. Ilipigwa na maji ya chumvi chomboni, kisha ikatikiswa bara.

ULIZA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi hodari huanza kwa masuali, kama tabibu. Mwenye pikipiki naye yafaa awe na majibu. Kwa siku chache andika kila mara inapozimika, na uandike mambo manne.

La kwanza, ni nini kilichozimika? Ikiwa vyote vyafa kwa pamoja, sababu iko katika njia inayotumiwa na vyote, yaani vichwa vya betri, fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo, waya zilizo baina yake, au waya wa kurudi. Hapa plagi haina hatia, maana plagi haina uwezo wa kuzima honi. Ikiwa injini yafa na taa zabaki, basi tazama swichi ya kuzimia injini iliyopo mkononi, swichi ya stendi ya pembeni kwa pikipiki zilizo nayo, koili, na kifuniko cha plagi. Ikiwa taa moja tu ndiyo izimikayo, usihangaike na betri. Tazama balbu, soketi yake na waya wake.

La pili, ilikuwa wapi na yafanya nini? Penye shimo? Ulipokata kona? Ulipobana breki? Kinachozimika usukani ukienda upande mmoja tu chakuonyesha kwa kidole mahali pa kutafuta.

La tatu, ilikuwa moto au baridi, kavu au imerowa? Inayozimika baada ya mwendo mrefu na kukubali ikipoa, huenda ikawa na koili inayoachana ndani ikipata moto. Inayosumbua baada ya mvua au kuoshwa ina maji katika soketi au katika kifuniko cha plagi.

La nne, ilizimika vipi? Umeme ukikatika, injini hunyamaza mara moja kama iliyokatwa kwa kisu. Ikiwa yakohoa na kulegea kidogo kidogo kabla ya kufa, huenda si umeme kabisa, bali petroli haifiki. Aghalabu kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kimezibwa na vumbi. Ikikuzimikia hivyo, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka tena, umekwisha kuujua ugonjwa bila ya kununua kitu.

CHOMBO CHA KUPIMIA

Chombo bora cha kazi hii hakina gharama. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12 na uifunge waya mbili ndefu. Waya mmoja uguse chanya na wa pili uguse chuma kitupu kisichokuwa na rangi. Ikiwaka, umeme wapita.

Mita ya umeme nayo yafaa, lakini inaweza kukudanganya. Waya wenye nyuzi nyingi za shaba ukibakiwa na uzi mmoja, mita itaonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti umeme wa kuonekana. Ukiunga balbu mahali hapo hapo, itafifia au itakataa kuwaka. Yaani mita huuliza kama njia ipo, na balbu huuliza kama njia yaweza kubeba mzigo. Tunaloomba sisi ni la pili.

Hata hivyo kuna vipimo vya mita vinavyofaa kujulikana. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. Ikionyesha 12.0 imekaribia kuwa tupu. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, vichwani mwa betri yafaa paonekane baina ya volti 13.5 na 14.5. Pakibaki chini ya 13, betri hailishwi, na hata ukinunua mpya nayo itakufa. Pakipita 15, rektifaya haizuii tena, na itaziunguza balbu na kuipika betri.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachosahauliwa sana. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ya pili kwenye chuma cha injini. Isionyeshe zaidi ya volti 0.2. Ikionyesha nusu volti na kupanda, waya wa kurudi ni mgonjwa.

MAJARIBIO YENYEWE

Anza na vilivyo rahisi na vya bure. Vitu vyote vya nyongeza, kama vile taa za mapambo, redio, na waya wa kuchajia simu uliosokotwa juu ya waya mwengine, vitoe kwanza. Aghalabu ugonjwa huondoka navyo.

Kisha shika vichwa vya betri. Visicheze hata kidogo kwa mkono. Vikiwa na ungaunga mweupe au wa kijani, vifungue na uvisafishe kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea na mswaki mkuukuu, uangalie maji hayo yasiingie ndani ya betri. Katika kufungua, tangulia hasi, kisha chanya. Katika kufunga, tangulia chanya, na hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kuwa spana ikishika chanya na kugusa fremu wakati hasi imefungwa, hutoa cheche kubwa na yaweza kukuunguza. Vikishakazwa, paka juu yake mafuta ya mgando ili chumvi isiingie.

Kisha ufuate waya wa kurudi mpaka penye boliti yake. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma na shaba ving'are, funga na ukaze.

Baada ya hapo fanya ugonjwa uje kwa amri yako, na wala usingoje uje kwa wakati wake. Simamisha pikipiki kivulini, zungusha ufunguo, washa taa na uwe wazitazama. Peleka usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Tikisa ufunguo ndani ya swichi. Gonga kisanduku cha fyuzi kwa mpini wa bisibisi. Shika kila soketi na kila fungu la waya, uvute polepole. Taa itakapopepesa, mkono wako uko juu ya ugonjwa au karibu yake.

Bado haujaonekana? Gawa njia nusu kwa nusu. Unga balbu yako katikati ya njia, mathalan penye waya utokao katika swichi ya ufunguo, kisha tikisa. Ikibaki kuwaka na taa za pikipiki zikazimika, ugonjwa uko mbele ya hapo. Ikizimika nayo, ugonjwa uko nyuma, upande wa betri. Igawe tena ile nusu iliyobaki. Kwa kugawa mara nne au tano, njia nzima huwa fupi kama shubiri.

Yafaa mjue pia kuwa waya waweza kukatika ndani na ngozi yake ya plastiki ikabaki nzima. Uvute polepole baina ya vidole: waya mzima hukaza, na uliokatika ndani hunyumbuka kama mpira, kwani kinachokuvutikia ni plastiki peke yake.

Na kuna ugonjwa wa kinyume chake. Pikipiki nyengine ndogo cheche yake haitegemei betri, na huzimwa kwa waya maalumu kugusishwa chuma. Waya huo ukisuguliwa na fremu mpaka ukachubuka, kila ukigusa chuma injini hufa, japokuwa hapana kilichokatika. Basi pale fungu la waya lipitapo penye ncha za chuma, chini ya tangi na chini ya kiti, lipekueni vizuri.

ALILOLIONA NDUGU YETU

Mwanachama wetu wa Nyamuswa alitenda kama tulivyoandika. Katika daftari lake alikuta kuwa mara nyingi ilimzimikia akikata kona ya kushoto. Alipopeleka usukani kushoto pikipiki ikiwa imesimama, taa zikafa, na alipourejesha zikawaka. Akagawa njia kwa balbu. Ugonjwa haukuwa ndani ya swichi aliyoibadilisha. Ulikuwa mbele ya soketi yake, pale fungu la waya lipitapo shingoni mwa usukani. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, nyuzi zikigusana na kuachana kila usukani ulipogeuka. Tena chini ya kiti boliti ya waya wa kurudi ilikuwa na kutu ya kijani iliyochanganyika na vumbi, na mita ikamwonyesha volti 0.7.

Aliukata waya mahali palipokufa, akaunga kipande kipya kisichofika urefu wa mkono, akalehemu kwa risasi, akafunika, na akaacha ulegevu kidogo ili usukani uweze kwenda pande zote bila ya kuuvuta. Boliti akaisugua kwa msasa. Hayo ndiyo matengenezo yote. Tangu hapo ameshakwenda Butiama na Musoma na kurudi, mara moja usiku na mvua. Barua yake ya pili haikutaja mkopo wala rehani. Betri, plagi na swichi alizozitoa mwanzo zote zilikuwa nzima, na fedha yake imekwisha kwenda.

YA KUJIEPUSHA NAYO

Msitie kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ikatike kabla ya waya kuungua. Ukiizuia isikatike, waya ndio utakaoungua, na tangi la petroli liko juu yake. Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuteni waya uliochubuka. Wala msitie yenye namba kubwa kuliko iliyoandikwa.

Msisokote waya kwa vidole na kuzungusha tepu, khasa karibu na usukani. Kiungo cha namna hiyo hufaa kukufikisha nyumbani, kisha huwa ndio ugonjwa wa mwezi ujao.

Wala msimruhusu fundi abadilishe kipuri kwa kusema "huenda ndicho". Mwambieni kwa adabu awaonyeshe kwanza kwa balbu au kwa mita. Fundi mwenye elimu hatakasirika, kwani naye apenda kazi yake isirudi.

KWA ANAYESAFIRI MBALI

Anayevuka bahari na pikipiki aifunike vizuri chomboni, na akishuka aioshe kwa maji matamu, aikaushe, kisha atazame vichwa vya betri na waya wa kurudi kabla ya kushika njia. Mfukoni achukue fyuzi mbili za namba yake, balbu ya kupimia, waya wa mita mbili, tepu nyeusi, msasa, bisibisi, spana namba 10 na plagi ya akiba. Vyote hivyo haviwi vizito kuliko kibaba cha mchele. Na taa ikianza kupepesa usiku, asijikaze kufika. Asimame mbali na njia ya magari na atafute kwa utulivu, au alale palipo na watu.

AGIZO LA KAMATI

Kwa hivyo Kamati imeamua kuwa, tangu toleo hili, kila atakayeomba mkopo wa kipuri cha umeme wa pikipiki aandike katika ombi lake mambo matano: ni nini kinachozimika, huzimika wakati gani, volti za betri pikipiki ikiwa imezimwa, volti hizo injini ikiwa yanguruma, na kipimo cha waya wa kurudi. Asiyekuwa na mita aje ofisini siku ya kazi, tutampimia mbele ya macho yake bila ya malipo. Ikionekana kuwa kipuri kweli kimekufa, ombi lake litatangulizwa. Ikionekana kuwa ni kutu na nati iliyolegea, tutampa msasa.

Katibu